Mahali pa Kulaza Mabehewa

Nilipostaafu mwezi uliopita nilipewa fomu ya kukabidhi kazi. Chini ya maneno "Vifaa na namna ya kuvitumia" kulikuwa na mistari mitatu. Niliandika, "Meza moja, treni moja, huenda mbele na nyuma," nikatia sahihi. Nilipofika nyumbani nikaona aibu. Mtu hawezi kukaa na meza moja miaka kumi na minne, halafu awaachie wenzake sentensi kama hiyo. Kwa hivyo nyinyi mliobaki katika ofisi ya mradi pale Litein, na hasa wewe Chebet uliyepewa funguo za chumba, haya ndiyo maelezo yenyewe.

Vyeo sitavitaja. Nilipata viwili, na vyote vilikuwa jina jipya la kazi ile ile.

Mimi ni seremala wa Kimulot. Kabla ya kuja kwenu nilikuwa natengeneza madawati ya shule, vitanda, na watu wakifiwa, jeneza. Siku yangu ya kwanza Mkurugenzi aliniingiza katika chumba kitupu, akaniuliza kama naweza kutengeneza meza ya futi kumi na sita kwa nane. Nikamwambia naweza, lakini wakikaa kwenye mkutano, watu wa upande huu hawatawasikia wa upande ule.

"Si ya watu," akasema. "Ni ya treni."

Wakati huo ofisi ya kuleta reli kwenye nchi ya chai ilikuwa na bango, magari mawili, madereva watatu na jiko la chai lenye mpishi wake. Kitu pekee kilichokuwa bado hakijafika ni reli. Mkurugenzi alikuwa amesafiri ng'ambo akaona reli ndogo ya mfano juu ya meza, watu wazima wamejipanga kuitazama, na akarudi na imani kwamba mgeni akiona treni inatembea, hata kama ni ndogo kama panya, atakubali kila kitu. Stesheni hakutaka. Alisema stesheni kila mtu anayo. Alitaka uwanja wa njia za pembeni, zile watu wa reli wanaita saidingi, ambako mabehewa hupelekwa kupumzika yakimaliza safari. Basi kabla hatujamiliki behewa hata moja, tukaanza kuhangaika litalala wapi. Mke wangu alipoelezwa aliniuliza kama wameniandikisha kwa maandishi.

Mimi sikujua lolote kuhusu reli. Ndipo nikaletewa Mzee Odhiambo. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, na ujana wake wote aliupitisha katika uwanja wa reli akipanga mabehewa. Mke wake alipata kazi katika kiwanda cha chai, wakahamia huku, na alipostaafu akafungua kibanda cha kutengeneza viatu hapo sokoni Litein. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Ofisi ilimchukua kama "mshauri wa kiufundi," na kila Jumanne na Alhamisi alifunga kibanda akaja na stuli yake mwenyewe, kwa sababu alisema viti vya ofisi vinazunguka na yeye hapendi kukaa juu ya kitu kinachozunguka bila sababu.

Somo la kwanza alinipa kwa kutumia mayai. Aliweka yai juu ya meza yangu mpya, akakaa akalitazama. Yai likaanza kutembea taratibu kuelekea dirishani. Akalidaka kabla halijaanguka.

"Fundi, meza yako iko na mteremko," akasema.

"Ni kidogo tu, Mzee. Nusu nywele."

"Behewa halijui nusu nywele. Behewa likipata mahali pa kwenda, linaenda. Halina huruma na halina haraka."

Nilirekebisha miguu ya meza siku mbili, mpaka yai likakaa. Halafu akalila. Alinifundisha mengine: kwamba kwenye saidingi isiyo na mlango wa nyuma, behewa la mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka, kama mheshimiwa kwenye harusi, kwamba usiunganishe mabehewa ukiwa umesimama katikati, kwamba kila gurudumu lililosimama liwekewe kabari, hata kama uwanja ni tambarare na hata kama bosi anakuharakisha.

Vifaa vilikuwa vichekesho. Ofisi iliagiza treni kutoka Nairobi na reli kutoka mahali pengine, na karatasi zote zilikuwa sawa isipokuwa kwamba treni ilikuwa pana kuliko reli. Waliitisha mkutano. Mkutano ukaamua reli ipanuliwe. Nilitoa misumari mia kadhaa midogo, nikatengeneza upya mataruma, vile vipande vya mbao vinavyobeba reli, moja moja. Mabehewa tuliyakata kutoka kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, na mpaka leo ukichungulia ndani ya behewa la pili utaona picha ya chapati. Kokoto za kati ya reli ni majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yamekaushwa juani na kumwagiwa gundi. Mpishi aliniwekea kila siku. Vichaka vya chai ni sifongo za kuoshea vyombo nilizokatakata na kutia rangi ya kijani. Nyumba na mashamba nilivipaka nikifuata picha kubwa iliyopigwa kutoka juu angani, paa kwa paa, na kila paa nililipa rangi yake ya kweli. Hiyo nilijivunia sana. Sikuwahi kutembea kwenye mashamba yenyewe. Nilikuwa na picha.

Sasa nifike kwenye bolti.

Mlango wa chumba ulikuwa mwembamba, kwa hivyo meza niliitengeneza vipande viwili nikaviunganisha ndani kwa boriti nzito na bolti nene kama kidole gumba. Kwenye ramani, saidingi zilitakiwa ziwe kwenye uwanja tambarare kando ya mto, ardhi ambayo mradi ulikuwa umeshapewa. Lakini mahali pale pale, chini ya meza, ndipo palikuwa na bolti, na mota ndogo ya kubadilisha njia haikuweza kuingia. Kuhamisha boriti kungenichukua wiki nzima. Kusogeza saidingi kiganja kimoja upande wa mashamba kungenichukua asubuhi moja. Nikasogeza.

Mzee Odhiambo alikuja Alhamisi, akaangalia. "Mbona zimeenda kando?"

"Ni bolti, Mzee. Na hii ni ya kuonyesha tu."

"Basi andika mahali kwamba umesogeza."

Nilisema nitaandika.

Miaka iliyofuata nilikuwa dereva, stesheni masta na abiria wa ile treni. Wageni walikuja kutoka Bomet, kutoka Kericho, kutoka Nairobi, na wengine kutoka nchi zenye reli za kutosha. Hotuba ilikuwa ile ile. Mkurugenzi alishika fimbo, akasema "Kama mnavyoona," na mimi nikabonyeza swichi. Treni ilisukuma mabehewa manne ndani ya njia ya tatu, ikayaacha, ikarudi peke yake. Watu walipiga makofi. Stima ikipotea, na huku mvua ya mawe ikianza stima ndiyo hukimbia kwanza, nililala chali chini ya meza nikaivuta treni kwa uzi wa kuvulia samaki alionipa Mzee Odhiambo. Siku moja mgeni mmoja alisifu sana kwamba treni yetu inatembea hata bila umeme, akaandika kwenye daftari. Chebet, uzi uko kwenye droo ya kushoto. Usivute kwa pupa.

Kisha akaja mtaalamu wa kuchora mipango ya mwisho. Wiki hiyo paa la stoo lilikuwa limevuja na ramani zote zilikuwa zimelowa zikashikana kama ugali wa jana. Kijana wa watu alisimama hapo akashangaa, mpaka Mkurugenzi akamwambia, "Lakini tuko na meza. Imetengenezwa kwa vipimo." Mtaalamu akafurahi. Akatoa futi, na mimi nikamshikia upande mmoja. Alipima saidingi zangu zote, akapiga picha, akashukuru. Nilimwona akiandika namba na sikukumbuka bolti hata mara moja. Nilikuwa nafikiria tu jinsi mistari yangu ilivyonyooka.

Baada ya kama miaka miwili, mama mmoja aliingia ofisini asubuhi akiwa na gambuti za shambani na koti la kanisani juu yake. Alisema anataka kuona treni. Mapokezi walimwambia treni ni ya wageni rasmi. Akawajibu kwamba yeye si mgeni, yeye ni mwenye shamba, na akaketi. Walimleta kwangu ili wapate amani. Hapo ndipo nilipomfahamu Bot Chelang'at, yaani Mama Chelang'at, mjane mwenye shamba dogo la chai juu ya mto.

"Chamgei, fundi," alinisalimia. "Nionyeshe shamba langu."

Hakuhitaji kuonyeshwa. Aliinama juu ya meza, akapita na kidole barabarani, akavuka mto, akapanda, akasimama. Paa nililipaka rangi ya buluu iliyofifia na pembe moja ya kutu.

"Hii ni yangu. Hata kutu umeweka." Alitabasamu, halafu tabasamu likafutika. "Na hizi chuma zinapita jikoni zinaenda wapi?"

"Haziendi mahali, Mama. Hapo ndipo mabehewa yanalala."

"Kwangu?"

Akaeleza, bila kupaza sauti. Watu wa mradi walikuja wakapigilia vigingi vyekundu katikati ya chai yake. Wakamwambia asipande, asijenge, asikarabati, kwa sababu reli inakuja. Hiyo ni misimu mitatu iliyopita. Nyumba inavuja. Matofali ya nyumba mpya yamepangwa nje na yameota nyasi. Alikuwa ametembea ofisi zote, na kila ofisi ilimwambia imechorwa na wataalamu.

"Wewe unakaa na hii meza," akasema. "Ni nani alichora hapa?"

Wenzangu, niliangalia zile reli na nikaona bolti, kama vile plaiwudi ni kioo. Nikajua jibu. Na nikamwambia, "Ni wataalamu, Mama."

Alishukuru. Hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alinishukuru kwa kupaka ile kutu vizuri, akaenda.

Sikungoja Alhamisi. Nilishuka sokoni mpaka kwa kibanda cha viatu, nikamwambia Mzee Odhiambo kila kitu. Aliendelea kushona soli mpaka nikamaliza.

"Uliandika?" akauliza.

"Sikuandika."

Akaweka kiatu chini. "Katika uwanja wetu kulikuwa na sheria moja haikuandikwa. Ukikosea, unainua mkono. Hapo hapo, kabla mtu hajauliza. Mkono ukiinuka, kila mtu anasimama, hakuna kitu kinatembea. Sasa kulikuwa na rafiki yangu, alisahau kabari. Aliona behewa limeanza kuenda. Akanyamaza, akifikiri litasimama lenyewe." Akainua mkono wake wa vidole vitatu, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Alikuwa mtu mzuri sana. Tulikuwa tunakula pamoja."

Nilienda kwa Mkurugenzi asubuhi iliyofuata. Nilimweleza kuhusu bolti. Alinisikiliza vizuri, na kwa muda nilidhani mambo yatakuwa rahisi.

"Fundi," akasema, "hiyo mipango imeshatiwa sahihi. Meza haiwezi kuwa na makosa, kwa sababu mipango inafanana nayo kabisa."

"Inafanana nayo kwa sababu imenakiliwa kutoka kwake, bwana."

"Ndiyo. Kwa hivyo ni sahihi." Akafikiri kidogo. "Lakini ile nyumba ya buluu inaleta maswali. Wajumbe wa Nairobi wanakuja Jumatatu ya wiki ijayo kupitisha mipango, na wenye mashamba wamealikwa. Iondoe."

"Niondoe nyumba?"

"Kwenye meza, fundi. Kwenye meza. Sisi si watu wabaya."

Nilienda na patasi mkononi. Nyumba ile ilikuwa kipande cha mbao kidogo kuliko sanduku la kiberiti, imeshikwa kwa tone la gundi. Nilisimama hapo mpaka chai ya saa nne ikapita. Sikuweza.

Jumamosi nilimwita Mzee Odhiambo. Tulifungua ile boriti ambayo nilikuwa nimeikwepa miaka yote, tukaisukuma kando, tukatoboa upya, tukafunga. Tuling'oa saidingi zote, tukazirudisha kwenye uwanja wa kando ya mto kulingana na kipande cha ramani ya kwanza nilichokuwa nimekihifadhi nyumbani kwa bahati. Jumapili baada ya kanisa tukarudi kumalizia. Mahali reli zilipokuwa nikapanda sifongo za chai. Mzee aliweka yai. Likakaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema, "Kazi nzuri," halafu akaharibu kwa kuongeza, "umechelewa tu."

Jumatatu chumba kilijaa. Upande mmoja wajumbe, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani aliyeuliza maswali mafupi. Upande wa pili wenye mashamba, na Bot Chelang'at akiwa mbele, na Mzee Odhiambo pembeni kwenye stuli yake, ingawa haikuwa siku yake. Mkurugenzi akashika fimbo.

"Kama mnavyoona," akasema, "mabehewa yataingia hapa," na fimbo ikashuka pale ilipozoea kushuka kila mara. Ikagonga paa la buluu.

Akatazama. Fimbo ikabaki hewani. Ikatafuta upande wa kushoto, ikatafuta kulia, kama fimbo ya kipofu, mpaka ikapata saidingi kando ya mto. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua kama inaruhusiwa.

"Nani amehamisha reli?" akauliza kwa sauti ndogo.

Niliinua mkono. Ulikuwa mzito kuliko boriti. "Ni mimi, bwana Mkurugenzi. Mara mbili."

Mwenyekiti aliniambia nieleze, nikaeleza: mlango mwembamba, bolti, kiganja kimoja, mtaalamu na futi yake. Nilimwangalia Bot Chelang'at nikasema, "Mama, uliniuliza nani alichora nikakudanganya. Ni mimi." Yeye alikunja mikono.

"Hiyo bolti iko wapi?" mwenyekiti akauliza.

Nikamwonyesha shimo lake la zamani. Na hapo, wenzangu, nikaona jambo ambalo sitaliona tena: wajumbe wa Nairobi, suti zao na viatu vyao, wamepiga magoti wote chini ya meza yangu, wakipokezana tochi ya simu, wakitazama shimo. Mmoja aliuliza kama lina kibali.

Mwenyekiti alipoinuka alijipangusa magoti. "Shamba lenyewe liko umbali gani?"

Ofisi nzima haikujua. Bot Chelang'at ndiye aliyejibu. "Dakika ishirini kwa miguu. Kwa gari ni zaidi, kwa sababu gari halifiki."

Tukaenda. Tulipofika penye vigingi, Mkurugenzi alikuwa bado anaeleza kwamba marekebisho madogo ya ardhi yanaweza kufanya mahali hapa pafae. Mzee Odhiambo alimwomba ile chupa ya maji aliyoshika, akailaza chini taratibu kati ya vigingi viwili. Chupa ikafikiri kidogo. Kisha ikaanza kwenda, ikapita mstari wa kwanza wa chai, ikaongeza mbio, ikaruka ukingo, tukaisikia ikiingia mtoni.

"Hapo," Mzee akasema, "ndipo mabehewa yenu yangelala."

Mwenyekiti aliandika neno moja kwenye faili. Vigingi viling'olewa mwezi huo huo. Bot Chelang'at alivitumia kupikia.

Mimi nilipewa barua ya onyo, kwa kosa la "kuhamisha miundombinu ya reli bila idhini." Nimeihifadhi. Kwa ninavyojua, ndiyo hati pekee inayothibitisha kwamba ofisi yetu ina miundombinu ya reli.

Mzee Odhiambo alifariki miaka miwili baadaye. Nilimtengenezea jeneza mwenyewe, nikaandamana nalo mpaka kwao ziwani. Tulipofika uwanjani kwao nililiweka juu ya mbao mbili, na kabla sijafikiri nikajikuta natafuta mawe ya kuzuia lisitembee. Watoto wake walinisaidia, na hawakuniuliza kwa nini.

Reli, kama mnavyojua, bado iko katika hatua za mipango. Chebet, futa njia kwa kitambaa chenye spiriti kila Ijumaa, weka mtego wa panya kwa sababu wanapenda gundi, na kila utakaposogeza kitu, hata unene wa ukucha, andika. Nimekuachia daftari. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mimi, kuhusu bolti.

Wiki mbili baada ya kustaafu nilipigiwa simu na Bot Chelang'at. Nyumba yake ilikuwa imefika kwenye lenta, juu ya nafasi za madirisha, na alitaka fundi wa madirisha. Nilidhani amekosa mwingine. Alisema mafundi wako wengi, lakini mimi angalau anajua nikikosea nitasema, hata kama ni baada ya miaka.

Nilipanda kule na futi yangu. Alinipa maziwa ya mursik kwanza, akanizungusha vyumba vyote. Katika chumba cha mbele alikuwa ameacha pengo kubwa kwenye ukuta, upande wa chini, kuelekea mto.

"Hapa nataka kubwa," akasema. "Kioo mpaka chini."

Nilichungulia. Kulikuwa na mteremko wa vile vigingi vya zamani, chai, na ukungu. "Upande ule mwingine ungeona barabara na watu wakipita, Mama. Huku kuna nini cha kutazama?"

"Hakuna kitu," akasema. "Pima."